Jezi ya Namba Nne

Hadi leo Lusajo akinusa dawa ya kuchua misuli, roho inamchafuka. Mpishe haraka, la sivyo atakutapikia viatuni.

Miguu ndiyo iliyomtoa Kyela mwaka 1991. Chuo kimoja cha Saint Paul, Marekani, kilimpa nafasi ya masomo kwa sababu ya mpira, naye alikuwa beki wa kati, namba nne, asiyepiga kelele wala kuumiza mtu. Ukimfuata na mpira, ukishtuka huna mpira. Lakini goti lake la kulia lilikuwa na roho mbaya. Mwaka wa pili lilikwenda, akapasuliwa. Aliporudi, kikaenda kifundo. Akarudi tena, goti lilelile! Mwingine angekata tamaa. Yeye aliendesha baiskeli ya mazoezi sebuleni Fridley msimu mzima wa theluji, mkewe Ikupa akimwangalizia saa, mpaka timu moja ya kulipwa ikamwita kwenye majaribio, Julai kumi na nne, 1995. Daktari alimwambia: mpaka siku hiyo, usicheze mechi yoyote.

Tarehe nne ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Marekani, na kama kila mwaka Watanzania na Wakenya wakakutana Brooklyn Center kucheza. Lusajo alikwenda na suruali ya kitambaa makusudi, mtu asimwombe.

Ikafika mapumziko, Wakenya wanaongoza mawili bila. Mwita, mwenyekiti wa Watanzania, akaja na jezi mkononi. Na huyu Mwita ni muuguzi, jamani! Magoti anayajua!

"Mdogo wangu, robo saa tu. Unataka watucheke mpaka Krismasi?"

"Kaka, nina majaribio."

"Kumbe umeshakuwa Mzungu. Haya, kaa."

Neno hilo lilimchoma. Ikupa akamshika mkono: "Lusajo, usithubutu." Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akavaa. Mwita mwenyewe akampaka dawa ya kuchua gotini, akisugua kama mtu anayepaka nyama viungo.

Alicheza dakika saba. Katika ya saba Jotham, straika wa Wakenya, alikuwa amebaki na kipa tu. Lusajo akamfikia, akateleza, akauondoa mpira safi kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele. Akageuka ili ainuke, goti likalia ko!

"Sijamtouch, haki!" Jotham alisema, mikono kichwani. Na kweli, hakuna aliyemgusa.

Mwita akaja mbio, akamwinamia. "Lakini umeokoa, mdogo wangu! Umeokoa!"

Ameokoa! Mechi ya kushindania mbuzi! Mfyuu! Lusajo alitamani kumtemea mate usoni, ila maumivu yalimkausha kinywa.

Majaribio yalipita yeye akiwa kitandani. Wakaja kumpa pole, jeshi zima, na masufuria ya pilau, wakakaa mpaka jioni wakibishana kama bao la pili lilikuwa ofsaidi. "Ni mipango ya Mungu," walisema, midomo inang'aa mafuta. Mungu ndiye aliyeleta jezi? Alikinaishwa na kila mmoja wao. Mwita aliondoka wa mwisho, akamwekea jezi miguuni, haijafuliwa bado.

"Hii havai mwingine. Mwakani ni yako."

"Katupe," Lusajo alimwambia mkewe mlango ulipofungwa. "Sitaki uvundo huo humu ndani." Ikupa akaibeba kwa vidole viwili mpaka pipa la taka la uani, akarudi akanawa mikono.

Kesho yake mchana, Ikupa akiwa kazini, Lusajo alishuka ngazi kwa magongo, moja moja, akijichukia kila ngazi. Akaegemea pipa, magongo yakaanguka, akazamisha mkono hadi begani kwenye maganda na vichwa vya samaki. Khaa! Mtu mzima!

"Unatafuta nini humo?" Ikupa alikuwa nyuma yake, amerudi mapema, bado na sare ya kazi.

Akaitoa jezi, inachuruzika maji ya taka, inanuka samaki na dawa ya kuchua. Akaikung'uta.

"Walipiga vigelegele, Ikupa. Ulisikia?"

"Mimi nilisikia goti," Ikupa akasema, akainama kumwokotea magongo.