Noti ya Mia Chini ya Sahani

Evaristo Bonfanti hakuwahi kumwibia mtu hata kiberiti, lakini mwaka ule wa 1989 hapakuwa na mtu aliyetukanwa kama yeye mtaani kwetu Paraná, Argentina. Kazi yake ilikuwa kubandika bei. Asubuhi Don Fermín, mwenye duka, alipokea simu za wauzaji wa jumla, akaandika bei mpya kwenye kipande cha karatasi na kumpa Evaristo. Naye alichukua mashine yake ndogo ya mkononi akaingia kati ya rafu: chak, chak, chak. Stika juu ya stika. Kopo la nyanya lilibandikwa hadi likanenepa upande mmoja. Mchana simu ililia tena, na Evaristo akaanza upya kwenye mafuta.

Mimi nilikuwa keshia wa kaunta ya pili, kwa hiyo niliyaona yote. Wateja walikuja dukani kushindana mbio na Evaristo. Akiingia safu ya tambi, wao wako mbele yake, wanakumbatia pakiti kabla hajazifikia. Mwalimu Ibarlucea, mtu mzima wa miwani na tai, anayefundisha uchumi shule ya sekondari, nilimwona kwa macho yangu akiruka ndoo ya deki ili aiwahi kahawa. Aliteleza akaanguka chali, lakini kahawa aliipata kwa bei ya asubuhi, na alilipa huku anachechemea na kucheka peke yake.

"Mwizi wewe, Evaristo!" walimwambia. "Huo mkono ukauke!"

"Mama, mimi nabandika tu."

"Basi acha kubandika, tuone kama bei zitapanda!"

Maneno hayo alikuwa anayasikia mara ishirini kwa siku, na nadhani ndipo yalipoanza kumwingia. Mwalimu Ibarlucea alijaribu kumtetea kwenye foleni. Alisema serikali haina kodi ya kutosha, ikikwama inachapa noti za australi, fedha yetu ya wakati ule. Noti zikizidi na bidhaa ni zilezile, bei zinapanda. Watu nao wakiona hivyo hawataki kukaa na noti hata usiku mmoja, wanakimbia kununua, na mbio hizo zinapandisha bei tena. "Evaristo ni kipimajoto tu, jamani. Homa iko kwingine."

"Sasa mbona wanakipiga kipimajoto?" Evaristo akauliza.

"Kwa sababu kipimajoto wanakiona kila siku, na Benki Kuu iko Buenos Aires."

Watu walicheka. Evaristo hakucheka, kwa maana alikuwa na jambo lake moyoni, na jambo hilo lilikuwa Ofelia.

Ofelia nilisoma naye. Alikuwa mshonaji, mpole, mwenye kicheko cha chinichini, na alimpenda Evaristo tangu enzi ambazo kopo la nyanya lilikuwa na stika moja. Kikwazo kilikuwa mama yake. Doña Pierina alikuwa mjane mfupi, mwenye sauti ya kuita meli, na alikuwa ameapa kwamba mwanamume anayepandisha bei ya maziwa hatakaa mezani kwake. Ofelia alilia wiki nzima. Mwishowe mama akalegeza kidogo: Evaristo aje kula nyoki.

Kwetu tarehe 29 ya kila mwezi watu hupika nyoki, vidonge vya viazi na unga wa ngano, na kila anayekula huweka noti chini ya sahani yake ili mwezi unaokuja usimkaukie. Noti hiyo haitumiwi mpaka tarehe 29 nyingine. Basi tarehe 29 Juni Evaristo alikuja amechana nywele kwa maji, na mimi nikaja kumshikilia Ofelia asizimie. Tulipokaa tu, Doña Pierina akainua uma.

"Sikiliza, kijana. Leo kilo ya unga ni australi hamsini, wewe mwenyewe ndiye uliyeibandika. Utaweka noti ya mia chini ya sahani. Hiyo ni unga kilo mbili, au siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nitaitunza. Tarehe 29 Julai nitakwenda nayo dukani ninunue kilo moja tu. Moja! Nimekupunguzia nusu nzima. Ikinunua, mchukue Ofelia. Isiponunua, tusijuane. Mwanamume asiyeweza kutunza thamani ya noti mwezi mmoja, mwanangu atamtunzaje?"

"Mama," Ofelia akasema, "thamani ya noti haitunzwi na mtu mmoja, inatunzwa na..."

"Kula, zitapoa."

Evaristo aliweka noti ya mia chini ya sahani. Aliyajua mambo ya bei kuliko sisi sote. Mwezi uliopita vitu vingi vilikuwa vimepanda maradufu, na huu ulionekana utavuka hapo. Baada ya kula, Doña Pierina aliikunja noti, akaifungia kabatini, akatia ufunguo kifuani.

Kesho yake Evaristo alimvizia mwalimu Ibarlucea kwenye sukari.

"Noti ina kazi tatu, Evaristo," mwalimu akamwambia, huku jicho moja liko kwenye rafu. "Ya kununulia, ya kupimia na ya kuwekea akiba. Ya kwanza bado inafanya, ukiwa na miguu mizuri. Ya pili inaumwa. Ya tatu tumeshaizika. Hiyo noti yako ungeiweka benki kwa siku saba, kisha saba nyingine, hadi mwezi uishe. Wanatoa riba kubwa ajabu sasa hivi, Benki Kuu imeipandisha ili watu wasizikimbie australi."

"Imefungiwa kabatini kwa Doña Pierina."

"Na ufunguo?"

Evaristo akaonyesha kifua chake mwenyewe. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akampa pole kama ya msibani.

Siku zikaenda. Unga ukawa sitini na tano, ukawa themanini. Kila alipoubandika, Evaristo alipauka. Nilimwonea huruma hadi nikawa nampa mate yangu ya asubuhi, ile chai yetu ya majani inayonyonywa kwa mrija, na mimi si mtu wa kugawa mate ovyo. Tarehe 19 Julai yakaingia maboksi ishirini ya unga, pakiti mia mbili na arobaini za kilo moja moja, na bei kwenye karatasi ya Don Fermín ilikuwa mia moja na ishirini na tano. Evaristo aliisoma karatasi ile mara tatu. Halafu akaja kaunta kwangu, akainama.

"Zulema, wanasema nisipobandika bei haipandi."

"Wanasema mengi. Nenda kabandike."

"Nitabandika tisini na tano. Kwenye unga tu. Siku kumi tu. Noti ya mia itatosha na chenji itabaki."

"Una wazimu? Don Fermín atatutoa roho!"

"Yeye haendi rafu za chini, mgongo unamuuma. Wewe piga bei unayoiona. Nakuomba, dada."

Nilipaswa kukataa. Nilimfikiria Ofelia na macho yake mekundu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kukawa kukubali. Evaristo akapiga magoti safu ya mwisho: chak, chak, chak, mara mia mbili na arobaini, kwa furaha ya mtu anayepanda maua. Naamini kabisa saa ile alidhani amelikomesha tatizo la taifa.

Siku ya kwanza hakuna aliyegundua. Siku ya pili, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya rafu ya unga, akatazama, akafumba macho, akatazama tena. Kisha akainama na kuanza kubeba bila kusema neno. Duka zima likaelewa kwa dakika moja. Waliokuja kununua sabuni walisahau sabuni. Watu ambao hawajawahi kukanda unga tangu wazaliwe walitoka na pakiti sita sita. Mwalimu Ibarlucea alibeba nane, akasema anafanya utafiti. Mimi nilipiga tisini na tano, tisini na tano, kichwa chini kwa hofu, naona mikono na pakiti tu, sura sizioni. Ilipofika saa saba foleni ilikuwa imepita duka la dawa na kupinda kona, na mbele ya rafu wanawake wawili wanavutana pakiti moja mpaka ikapasuka, wakawa weupe kuanzia nywele hadi viatu, na bado hakuna aliyeiachia.

Don Fermín aliporudi kutoka kula aliuliza, "Leo ni sikukuu gani?" Akaambiwa. Akaenda mwenyewe, mgongo wake na yote, hadi rafu ya chini. Ilikuwa tupu. Ilibaki stika moja iliyoanguka sakafuni, na aliiokota akaisoma kwa sauti ndogo, "Tisini na tano." Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alikaa juu ya boksi tupu akasema unga ule ameulipia mia na kumi, na fedha alizozipata leo hazinunui tena maboksi ishirini, labda kumi na saba.

"Nani mwingine alijua?" akauliza.

"Mimi peke yangu," Evaristo akajibu haraka. "Zulema alipiga alichokiona."

Akafukuzwa saa ileile. Mimi nilibaki na kazi yangu, na nakiri niliona aibu siku nyingi. Wiki nzima hapakuwa na unga dukani. Waliokosa walimtukana Evaristo kwa kuuza rahisi, kama walivyomtukana kwa kuuza ghali.

Tarehe 29 Julai iliangukia Jumamosi. Unga mpya ulikuwa umefika siku moja kabla, na Don Fermín aliubandika mwenyewe: mia moja na sitini. Doña Pierina aliingia amevaa koti lake la kanisani, noti ya mia imenyooshwa mkononi. Aliitazama stika, akaitazama noti, akageuka akatoka bila kunisalimu. Mwenzenu niliomba ruhusa ya saa moja nikamfuata hadi nyumbani kwake.

Evaristo alikuwa ameshafika, amekaa mezani bila kazi, bila mashine, nywele zimechanwa kwa maji. Ofelia alikuwa amemshika mkono wazi wazi, bila kujificha. Doña Pierina aliweka noti mezani.

"Haikununua."

"Najua, mama," Evaristo akasema. "Nilijaribu."

"Nimesikia ulivyojaribu. Umekosa noti, umekosa kazi. Sina la kuongeza. Mtakula nyoki kwa sababu mgeni hafukuzwi akiwa na njaa, kisha kila mtu njia yake."

Ofelia akaanza kulia. "Na hizo nyoki tutapika na nini? Unga hamna, mama!"

"Upo," mama akasema, akaenda chumbani.

Sasa sijui ni nini kilichomtuma Ofelia amfuate. Labda alitaka kugombana naye huko. Tulisikia mlango, kisha Ofelia akapaza sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Evaristo! Zulema! Njooni muone!"

Chini ya kitanda cha Doña Pierina, kutoka ukutani hadi kwenye kandambili zake, zilipangwa pakiti za unga. Nilihesabu thelathini na nane. Zilizokosa nafasi zilikuwa ndani ya kabati, zimefunikwa na shali. Zote zina stika ya tisini na tano.

"Nilikwenda mara nne," Doña Pierina akasema, anatazama dirisha. "Kwani nilikuwa peke yangu? Mtaa mzima ulikuwa pale. Nilibadilisha kitambaa cha kichwa."

Evaristo aliinama akachukua pakiti moja, akaipangusa. Akaenda mezani, akaichukua noti ya mia, akarudi chumbani na kumsogezea mama. Mtu huyu mpole, aliyetukanwa mwaka mzima akisema "ndiyo mama", aliongea bila kutetemeka.

"Nataka kununua kilo moja ya unga. Bei imeandikwa."

"Hiyo ni bei ya juzi!" Doña Pierina akaruka. "Leo unga ni mia na sitini, nimetoka kuuona sasa hivi! Nikikuachia kwa tisini na tano, mimi nitajazia na nini? Nitakuwa nimekula hasara ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Lete mia na sitini, au basi, kwa kuwa ni wewe, mia na hamsi..."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Ofelia ndiye aliyeanza, kile kicheko chake cha chinichini, kikapanda, kikawa cha juu kabisa. Mimi nilikaa kitandani nikacheka naye. Evaristo peke yake hakucheka. Alisimama na noti yake imenyooshwa, machozi yanamtoka, anangoja jibu.

Doña Pierina aliutazama uso ule. Sura yake ikawa nyekundu, halafu ikalegea.

"Mwaka mzima nimekuita mwizi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi sijamaliza wiki mbili katika biashara." Akaichukua noti, akaikunja, akaitia kifuani kwenye ufunguo. Akampa pakiti kwa mikono miwili. "Haya, imenunua. Chenji yako ni australi tano, na mimi chenji sina. Mchukue Ofelia."

"Kwa hiyo mimi ni chenji ya australi tano?" Ofelia akauliza.

"Subiri Jumatatu, mwanangu. Utakuwa ya kumi."

Evaristo hakutaka kusubiri Jumatatu. Alimkumbatia Ofelia palepale chumbani akiwa bado ameshika pakiti ya unga, na ikapasuka mgongoni mwake.