Kitabu Alichoazimwa Mwalimu Yotham

Mwalimu Yotham alikuwa amefundisha miaka mingi kwenye shule ya misheni mjini Dodoma alipoazimwa kitabu kilichomtia uchungu na kazi yake. Aliyemwazima ni Mansukh, Mhindi mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Majengo, mtu mpole aliyependa vitabu kuliko biashara. Ilikuwa 1938, na katika mji mzima wawili hao hawakuwa na mwingine wa kuzungumza naye habari za kusoma.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, kimetungwa na mwanafalsafa wa Ulaya. Aliandika kwamba ulimwengu hauendelei bali unaporomoka. Kwamba treni, magazeti na viwanda ni dalili za ugonjwa. Na kwamba aliyeacha mila za baba zake amejikata mizizi. Yotham alizirudia kurasa hizo. Baba yake alikuwa mwomba mvua wa kijiji cha Ipagala, nje ya mji. Yotham alipobatizwa alikataa kurithi mawe ya mvua, na mzee akafa bila kumsemesha tena. Leo Mzungu, kwa lugha ileile iliyomfundisha Yotham kumdharau baba yake, alikuwa akimwambia kwamba mzee ndiye aliyekuwa sahihi.

Akaacha kazi. Mkewe, Dorkasi, hakupiga kelele.

"Huyo anayekuambia urudi kwa baba yako," aliuliza, "amewahi kulima uwele?"

"Mama Ruthu, hili si jambo la jembe."

"Kwangu ni la jembe. Nitakayelishika ni mimi."

Wakahamia Ipagala. Yotham akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, kikongwe pekee aliyebaki kati ya waliokuwa wakifuatana na baba yake mlimani.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kujifunza maneno ya mvua."

"Baba yako alikungoja mpaka macho yakaingia ukungu. Mawe aliyazika mwenyewe, hakumwonyesha mtu. Mimi nilikuwa nabeba maji tu. Maneno hayakusemwa mbele ya wanawake."

Yotham alirudi nyumbani. Akiwa hana mwalimu mwingine, akaenda kwa Mansukh kuazima kitabu cha pili cha mwanafalsafa yule. Alikisoma mchana, kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, huku Dorkasi akiwa shambani. Katikati ya kitabu mtungaji alitaja mataifa yenye mila za kweli: Wahindi, Wachina, Waarabu, Wazungu wa kale. Kisha akawafikia watu weusi wa Afrika. Hao, alisema, ni masalia ya watu walioanguka zamani, na mila zao ni makapi ya elimu ambayo wenyewe hawaijui tena.

Yotham alidhani Kiingereza kimempiga chenga. Akafungua kamusi. Maneno yalikuwa yaleyale. Akaendelea kusoma hadi mwisho, akitumaini kwamba mahali fulani mtu huyu atageuka na kujisahihisha. Hakugeuka.

Kesho yake alikwenda Majengo kwa miguu.

"Ulikuwa umekisoma hiki?"

"Nimekisoma," alisema Mansukh.

"Na ukurasa unaotutaja sisi?"

Mansukh alianza kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. "Mwalimu, nilidhani utauruka. Mimi niliuruka."

"Wewe ungeweza kuuruka. Ninyi amewasifu."

Mansukh aliagiza chai, lakini Yotham aliweka kitabu juu ya meza akatoka. Tangu hapo wakikutana njiani walijuliana hali tu, kila mmoja akashika njia yake.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba. Nafasi ya Yotham shuleni ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Dorkasi akawa anauza kuni mjini, akirudi jioni.

Shangazi alifariki kabla ya mavuno. Gideoni, mzee wa kanisa, alikataa kumwombea kwa kuwa hakubatizwa. Watu wakamgeukia Yotham kando ya kaburi.

"Wewe ndiye mtoto wa nyumba hii. Sema neno la kwenu."

Alisimama. Akatafuta ndani yake neno moja ambalo baba yake angelitambua, asilipate. Mwishowe akafumba macho akaanza, kwa Kigogo cha wamisionari, "Baba yetu uliye mbinguni." Aliisema sala yote kwa sauti ya chini, na waliokuwepo, kwa kukosa la kuongeza, wakaanza kufukia.