Majivu Kwenye Kona ya Pili

Watu wa Kitete, hapa Tabora mjini, wanamjua Apolinaria kwa uji. Wauguzi wanaotoka zamu hospitalini, ndugu wanaosubiri wagonjwa wao, madereva wa bodaboda wa kituo cha hapo, wote humwona mwanamke mpole aliyejifunga kanga, anayemimina uji wa ulezi bila kudondosha tone, na wanadhani wamemaliza kumjua. Mimi huwa nawaacha wadhani hivyo. Cherehani yangu iko jirani na jiko lake, na kabla ya cherehani na uji tulikimbia pamoja mbio za kupokezana vijiti. Mimi ndiye Levina niliyekuwa nakimbia kipande cha pili na kumkabidhi yeye kijiti. Kwa hiyo nikisema kwamba chini ya upole ule kulikuwa na kisasi kilichokaa jikoni miaka zaidi ya ishirini bila kuungua wala kupoa, mniamini.

Sisi ni watoto wa Goweko, na Goweko ya utoto wetu ilikuwa tumbaku. Asubuhi tulichuma majani, jioni tuliyafunga na kuyaning'iniza ndani ya bani, yale mabanda ya kukaushia kwa moto, na mikono yetu ilinata utomvu hata Jumapili kanisani. Katikati ya kazi hiyo Apolinaria alikuwa na mbio za kushangaza. Baba yake, mzee Tobias, akimtuma chumvi kwa jirani, alikuwa hajakaa sawasawa kwenye kigoda mtoto amesharudi. Tulipofika sekondari mwalimu wetu wa michezo alituchagua wasichana wanne, akatuzoesha kupokezana vijiti kwenye barabara ya vumbi ambayo wazee husema misafara ya zamani ilipita. Tulitaniana kwamba babu zetu Wanyamwezi walipeleka pembe hadi pwani mabegani mwao, sasa kijiti kitatushindaje.

Kwa asiyezijua mbio hizi, nieleze kidogo. Anayepokea kijiti hamsubiri mwenzake akiwa amesimama. Huweka alama chini, nyuma yake, upande anakotokea mwenzake. Mwenzake akiifikia alama ile tu, yeye hutimka bila kutazama nyuma, kisha hunyoosha mkono, na kijiti humkuta tayari yuko kwenye kasi. Alama ikiwa mbali mno, anaondoka mapema na hakamatiki. Ikiwa karibu mno, anachelewa kuondoka na wanagongana. Tena kuna eneo lililochorwa la kupokezana, na kijiti kikibadilisha mikono nje ya eneo hilo timu nzima imetolewa. Alama yetu sisi ilikuwa majivu ya bani. Apolinaria aliyabeba kwenye kitambaa, akapima alivyozoea, akamwaga konzi moja chini.

Mwaka ule tulifika fainali ya mkoa, Tabora mjini. Mshindi angekwenda mashindano ya taifa, na pembeni mwa uwanja walikuwepo watu waliokuja kutafuta wakimbiaji wa kuwachukua na kuwalea. Jina la Apolinaria lilikuwa tayari midomoni mwao. Wapinzani wetu wakubwa walikuwa wasichana wa shule moja ya mjini, na kocha wao aliitwa Wilbroad, kijana mtanashati ambaye hata uwanjani alivaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi vikang'aa. Zama zile makocha walizurura popote walipotaka, hata ndani ya kona za kupokezana.

Nilikuja na kijiti nikiwa wa kwanza. Naapa nilikuwa wa kwanza, na kwa mbali. Kisha nikauona mgongo wa Apolinaria unaondoka kabla sijamkaribia. Niliita "shika!" huku nikijua sitamfikia, nikakimbia hadi mapafu yakawaka, na nilipomkabidhi tulikuwa tumeshavuka mstari wa eneo. Bendera nyekundu ya mwamuzi ikapanda, tumetolewa.

Apolinaria hakulia. Alirudi kinyumenyume akitazama chini mpaka akapaona. Majivu yake yalikuwa yamefutwa kwa unyayo, na mengine ya majivu hayo hayo yalikuwa yamekokotwa na kurundikwa nyuma zaidi, kule nilikotokea mimi. Mtu pekee aliyekuwa amesimama pale ni Wilbroad, na ncha ya kiatu chake cheusi ilikuwa nyeupe. Apolinaria akasema mbele ya watu wote, "Alama yangu imesogezwa." Wilbroad akamtazama mikono, mikono yetu ile ya utomvu, akacheka.

"Huyu amezoea kupima tumbaku," akasema. "Kupima mbio hawezi."

Watu wakacheka naye. Kiatu hakuna aliyekitazama ila sisi wawili, na sisi tulikuwa watoto wa shamba.

Wasichana wa mjini wakaenda taifa. Wale watafutaji wakaondoka na majina mengine. Mwalimu wetu hakumpanga tena Apolinaria, na mzee Tobias akasema basi, mbio zimekwisha, arudi shambani. Kilichomuuma zaidi ni maneno ya Wilbroad, kwa sababu yalifika Goweko kabla yetu. Kila msimu wa kupima tumbaku kulikuwa na mjinga wa kumwita akapime na mbio kidogo. Aliolewa, akahamia Kitete, akazaa, akaanza uji. Sijamwona akikimbia tena, hata mvua ikimkuta katikati ya barabara.

Wilbroad yeye alipanda. Kila alipotajwa redioni kwamba timu yake imeshinda tena, mimi nilimtukana kwa sauti mpaka wateja wangu wakaniomba nijisitiri. Apolinaria alikoroga uji. Siku moja padri alihubiri juu ya kusamehe, mahubiri mazuri kweli, na nilimsikia pembeni yangu akiitikia amina. Tulipotoka nje nikamuuliza kama amemsamehe yule mtu. Akasema amina ilikuwa ya padri.

Kisha akaenda kusomea uamuzi wa riadha. Nilidhani amechanganyikiwa. Alifunga jiko wiki nzima, akakaa darasani na vijana wa kuweza kuwa wanawe, akafaulu. Miaka iliyofuata aliamua mbio za watoto huko Choma na kwingineko, kwenye viwanja vyenye ng'ombe waliokataa kupisha, na kila mara aliomba apangwe kona ya pili, pale kipande cha pili kinapokabidhi cha tatu. Waandaaji wakamzoea. Ikawa kona ya pili ni ya mama uji.

Ndipo ikafika fainali ya mwaka huu. Wilbroad anastaafu. Watu walishamwandalia tafrija ya kumuaga jioni ya siku hiyo hiyo, na kilichosubiriwa ni kombe la mwisho tu la kuweka mezani. Timu yake ilikuwa haijashindwa msimu mzima. Niliposikia kwamba Apolinaria amepangwa kona yake ileile, niliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, nikamfuata jikoni nikamwambia ainue nyekundu, hata wasichana wa Wilbroad wakipokezana kijiti vizuri namna gani, nyekundu tu.

Alifuta upawa taratibu. "Nyekundu ya uongo ataikatia rufaa," akasema, "na atashinda, na mimi nitakuwa mwizi mwenzake. Nataka kitu asichoweza kukikatia rufaa."

Sikumwelewa. Siku ya fainali nilimfuata uwanjani, na kabla mbio hazijaanza alinishika mkono tukaenda moja kwa moja alipo Wilbroad. Amezeeka, tumbo limetangulia, lakini viatu ni vilevile, vyeusi na vinang'aa. Apolinaria akapiga goti kidogo, kwa adabu zote za Goweko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Nakufahamu?"

"Ni Apolinaria wa Goweko. Leo nasimamia kona ya pili." Akaelekeza kidole uwanjani. "Siku hizi naona mabinti wanaweka alama kwa visoda vya soda. Sisi tulitumia majivu."

Kisha akatazama viatu vya Wilbroad. Akaaga, tukaondoka, na nilipogeuka nilimwona mzee yule naye anatazama viatu vyake.

Nilisimama nyuma ya kamba karibu na kona ya pili, kwa hiyo niliyaona yote. Msichana wake wa kipande cha tatu anaitwa Shukrani, mwembamba, miguu mirefu. Alishapima alama yake na kukandamiza kisoda ardhini kwa kipimo kile kile walichofanyia mazoezi mwaka mzima. Wilbroad akaja mbio mbio, jasho linamtoka. Nilimsikia akimwambia kwamba mwamuzi wa kona hii ana lake jambo, anatafuta sababu ya kuwatoa, hivyo asiondoke mapema kwa vyovyote, angoje mpaka mwenzake afike kabisa. Shukrani akabisha kwamba alama iko sawa. Mzee akainama mwenyewe, akang'oa kile kisoda, akakisogeza karibu na miguu ya msichana, akakikanyaga kwa kiatu.

Nilimtazama Apolinaria. Alikuwa amesimama kwenye mstari wake na bendera mbili mkononi, uso hauna kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile shikamoo ndiyo iliyomtia mzee hofu, na nikiri kwamba nilifurahi.

Mbio zikaanza. Wasichana wa Wilbroad waliongoza kipande cha kwanza, wakazidi kuongoza cha pili. Yule wa pili alikuja kwenye kona kwa kasi ya ajabu, wengine wako nyuma kabisa, na Shukrani akangoja kama alivyoagizwa. Alipoondoka, mwenzake alikuwa tayari mgongoni kwake. Yule akajizuia, akayumba, akamkanyaga kisigino, na kijiti kikapita mkono kwa mkono wakiwa karibu wamesimama. Timu ya Nzega ikawapita, ikafuata ya Igunga. Shukrani alikimbia kwa uchungu wote alionao lakini timu zile zilikuwa zimeshakwenda. Wakamaliza wa tatu.

Wilbroad alikuja akivuka uwanja, mdomo umeshafunguka kwa malalamiko aliyokuwa ameyaandaa tangu asubuhi. Makocha na wazazi wakamfuata. Akafika mbele ya Apolinaria, akainua macho, na bendera iliyokuwa juu ilikuwa nyeupe. Kijiti kilipokelewa ndani ya eneo, bila kosa lolote.

Alipokosa wa kumlaumu akamgeukia Shukrani, aliyekuwa anarudi akichechemea. Akamuuliza kwa ukali kwa nini amechelewa kuondoka, hajui kupima?

Msichana alikuwa analia, lakini alijibu wote tukasikia. "Nilipima sawa, mwalimu. Alama yangu umeisogeza wewe."

Apolinaria akamtazama, kwani katika hesabu zake zote yule mtoto hakuwemo. Akashusha bendera. "Ni kweli," akasema. "Alama yako ilikuwa mahali pake, binti. Nilikuwa hapa, nimeona kwa macho yangu."

Sisi mwaka ule hatukupata mtu wa kutuambia hivyo. Kama angekuwepo mmoja tu, uji wa Kitete ungepikwa na mwingine.

Watu wote wakamtazama Wilbroad. Kijana hodari wa zamani angecheka, akatupa neno la kejeli, wakacheka naye. Mzee huyu aliangalia wazazi, akaangalia wasichana wake wanne waliokosa taifa.

"Nimeisogeza mimi," akasema. "Si kosa la Shukrani."

Alidhani yamekwisha. Aligeuka aondoke, na Apolinaria akamwita kwa sauti ileile anayoitumia kuuliza kama uji uongezwe sukari.

"Na yangu, mwalimu?"

Wazazi hawakuelewa anauliza nini. Wilbroad alielewa. Alisimama akiwa ametupa mgongo, na nadhani alikuwa anapima kama anaweza kuendelea kutembea. Kisha akageuka nusu.

"Na yako," akasema chini chini.

"Levina hakusikia," akasema Apolinaria.

Mzee akanitazama. Nilikuwa nimesikia vizuri sana, lakini nilinyamaza ili arudie.