Simulator ilivyoikataa kernel yangu, wabangua korosho wa Kitangari wakaniambia kwa nini

"Diploma yako ni ya kuwasha na kuzima kompyuta, basi." Hayo aliniambia mjomba mbele ya watu nyumbani Lupaso, nilipomweleza kuwa nataka kazi ya mtandaoni. Wengine walisema Dar imenishinda, natafuta pa kujificha.

Habari zenu wakuu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na palipo na aibu yangu nimepaacha palepale.

Mnijue kwanza. Degree sina. Nina diploma ya kompyuta niliyojilipia kwa kubeba mizigo Kariakoo, na kwenye Linux, Masasi na Newala yote, bado sijaona wa kunisogelea.

Kampuni moja ya nje ilitafuta mtu wa kuandaa majaribio kwenye full-system simulator. Kwa wasiojua, hiyo ni programu inayojifanya kompyuta nzima: processor, memory, diski, vyote. Wanaobuni processor mpya huijaribu humo kabla haijatengenezwa.

Unaipa vitu viwili. Disk image, yaani faili moja lililobeba diski nzima na Linux ndani yake. Na kernel, moyo wa Linux, ambayo una-compile, yaani unaijenga kutoka code yake, mwenyewe utakavyo.

Mtihani wao ulikuwa wiki mbili. Kernel yangu, image yangu, mashine ya kuigiza iwake na imalize programu yao moja. Nikifaulu, mkataba.

Laptop yangu ilikuwa na RAM ya kuchekesha. Mama akaenda kwa mjomba huyohuyo, akakopa hela ya kuongezea, akaweka dhamana mavuno yake ya korosho ya msimu ule. Nisipofaulu, mjomba anaokota korosho za Mama. Na Mama hana shamba jingine.

Niliambiwa hayo RAM ikiwa tayari mkononi.

Nikahamia Kitangari kwa shangazi, Mama Fausta. Ana kibanda chenye umeme, anabangulia korosho na wenzake watano. Wale mama wakanikopesha hela ya bundle kutoka mfuko wa kikundi. Asubuhi nawachotea maji, kisha nakaa pembeni na laptop, wao wanagonga korosho.

Disk image niliimaliza siku ya pili. Nilitamba sana, sikatai.

Kernel ndiyo ikanitia adabu. Nikiipa simulator, inajibu mstari mmoja: haiwezi kupakia faili la kernel. Inajifunga.

Nabadilisha config, yaani mipangilio yake, na-compile upya. Asubuhi nzima inaisha. Umeme ukikatika, unakaa unautazama ukuta. Mara nane, wakuu. Zikabaki siku tatu.

Siku hiyo nikasema kwa sauti, "Hii kernel itanimaliza." Kibanda kizima kikanigeukia.

Kumbe wanunuzi wanaofika pale huiita korosho iliyobanguliwa kernel. Siku zote zile wale mama, wakinisikia nikiitaja, walidhani mimi na wao tuko biashara moja, ila yangu nauzia kwenye mtandao.

Shangazi, mikono imejaa majivu ya kuzuia mafuta ya ganda, akaniuliza mashine inakataaje. Nikamwambia haitaki hata kuionja.

"Umeipelekea iliyobanguliwa, au na ganda lake?"

Mwenzake akadakia akinitazama, "Mnunuzi gani atafune ganda, Seve?"

Wakacheka, nikacheka nao. Halafu nikafungua folda ya kernel.

Wakuu, uki-compile Linux unapata mafaili mawili. bzImage imebanwa, na kwenye kompyuta ya kweli hujifungua yenyewe. vmlinux iko wazi, haijabanwa. Simulator ile ilitaka ya wazi. Mimi nilikuwa naipa iliyobanwa kwa mazoea tu, maana miaka yote ya ufundi wa kompyuta ndiyo niliyotumia. Na ile ya wazi ilikuwa imekaa kwenye folda tangu compile ya kwanza.

Nikabadilisha neno moja kwenye script ya kuiwashia simulator. Mistari ikaanza kushuka.

Polepole kweli, kwa sababu sekunde moja ya ndani ya simulator hula saa za huku nje. Wakabangua, wakasonga ugali, tukala, bado inawaka tu. Alasiri likatokea neno: login, yaani Linux imewaka hadi mwisho.

Shangazi akauliza kama hilo ni zuri au baya. Nikajifanya nafuta jasho.

Programu yao ilimaliza kesho yake. Nikatuma. Mkataba nikapata.

Malipo ya kwanza yalipoingia nilianzia kibandani, nikarudisha mfuko wa kikundi mbele ya wote sita. Kisha basi hadi Lupaso. Nikamwamkia mjomba shikamoo, akaitika marahaba, nikamkabidhi chake chote. Akahesabu mara mbili, akamwita Mama.

"Dada, mikorosho yako hiyo. Kafagie chini, zimeanza kudondoka."

Mama alichukua fagio na ndoo akaingia shambani, nami nikamfuata.

Nilichojifunza: siku kumi na moja nilikaa na watu sita wenye akili, sikuwaeleza shida yangu kwa sababu niliona hawana diploma.

Waliowahi kukwama kwenye kernel au image, semeni mlikwamia wapi. Wa kunicheka pia waje, nafasi ipo.