Karanga Zilizopimwa kwa Majani

Wataalamu wa mradi wa kilimo walipima aina mbili za karanga za jirani yangu wa kijijini Nyantende kwa urefu wa majani, wakaichagua ile ndefu iwe mbegu ya kijiji kizima, kisha wakarudi Bukavu kabla ya mavuno. Mvua ilipokatika mapema, yeye aling'oa mashina ya aina zote mbili. Alibonyeza kila ganda kwa kidole gumba, kama afanyavyo kila msimu, macho ameyafumba mithili ya mtu anayeungama. Ile fupi ilikuwa imejaa. Ile ndefu ilibonyea. Akayafunga mashina hayo katika kitenge chake cha misa, akayapeleka Bukavu, ofisini mwa wataalamu.

“Papa agronome, hii yako inavaaka muzuri sana, lakini mu tumbo hamuna kitu,” alimwambia mtaalamu wao wa kilimo.

“Maman, rapport ilishatoka,” alijibu yule mtaalamu, mkono juu ya ripoti yao.

Basi mimi jirani yake nasema: iandikeni upya kabla hatujapanda, mabwana wataalamu, na safari hii ng'oeni kwanza.