Mapigo Matatu ya Wagonjwa

Mkono uliomvunja jirani yangu mkono ni huu wa kulia ninaoandikia. Sikumgusa hata kidogo. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikigonga janti ya gurudumu la lori kwa kipande cha nondo ili kuwaita watu kanisani.

Sisi Walutheri wa Ngezi, mtaa wa mji wa Bunia, tulikuwa wachache, na tulisali katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa bati, uani kwa mwinjilisti wetu. Bunia ina makanisa ya kila namna, na mengi yana vipaza sauti. Yetu ilikuwa ibada ya kusoma na kuitikia, kusimama na kukaa, nyimbo za kitabuni, na ule ukimya wa kuungama ambao majirani waliuona wa ajabu. Mama mmoja aliniuliza sokoni, nilikokuwa nauza samaki wa moshi kutoka ziwani Tchomia, kama tunanyamaza kwa sababu Mungu wetu amelala. Nilimwambia Mungu wetu si kiziwi. Mimi nina mdomo, na sijawahi kusema sina.

Lakini kule tulikotoka tulikuwa na desturi moja yenye sauti. Waumini wanapoanza Baba Yetu, mtu mmoja hutoka nje na kugonga chuma mara tatu, polepole, ili walio kitandani wajue kwamba saa yenyewe ni hii, nao waseme pamoja nasi huko waliko; na kabla ya ibada kiligongwa vivyo hivyo kuwaita watu. Nilikua nayo kwetu Djugu. Mwaka aliofariki mama yangu, alisali hivyo kila Jumapili chali kwenye mkeka, na mimi nilikuwa natazama midomo yake ikianza kutikisika chuma kinapolia. Vita ilipotutoa Djugu niliacha shamba, mbuzi na nyumba ya vyumba vitatu, lakini kitu nilichokililia Bunia kilikuwa chuma kile. Chuma hichohicho ndicho kilichopigwa harakaharaka asubuhi tuliyokimbia, kutuonya kwamba washambuliaji wamefika, ila hilo nililiweka mbali na mawazo yangu.

Miaka ninayoisimulia ni ile tulipoambiwa kwamba vita imekwisha. Magari meupe ya walinda amani wa kofia za bluu yalikuwa bado yanapita, na kila nyumba ilikuwa na mfuko nyuma ya mlango: nguo kidogo, chumvi, kiberiti, kadi ya mpiga kura, kikwembe, yaani kitenge, cha kumbebea mtoto. Wangu ulining'inia kwenye msumari, na ndani yake mlikuwa na sufuria mpya ya aluminiamu ambayo haikuwahi kuona moto. Nilipikia ile ya zamani iliyobonyea upande. Ungeniuliza kwa nini mfuko bado uko pale, ningekujibu ni kwa sababu ya panya.

Waliponichagua kuwa mzee wa kanisa, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwa fundi wa malori kuomba janti. Nilimsumbua hadi akanipa moja yenye ufa, kusudi nimwache afanye kazi. Tuliitundika kwenye mti wa parachichi, tunaouita avoka, uani kwa mwinjilisti. Yeye ni mtu mpole, anafikiri kabla ya kusema, na hilo lilikuwa linanichosha.

"Mama," akaniambia, "tuwaambie kwanza majirani. Hapa Ngezi watu wako na woga ya ile sauti."

"Woga gani? Vita iliisha. Siye tutaishi mu woga mpaka wakati gani?"

Jumamosi moja mchana, yeye akiwa ametoka, nikaenda peke yangu kuwatangazia watu ibada ya kesho. Nilijua namna ya kugonga: tatu, unapumzika, tatu, unapumzika. Pigo la kwanza lilitoka hafifu, kama mtu anayekohoa. La pili vilevile. Nikasema hapana, janti hii sikuibeba kichwani kutoka gereji ije kukohoa. Nikakaza mkono, na sauti ikaja, ile yenyewe ya nyumbani, na furaha ikanipanda hadi nikasahau kupumzika. Niligonga mfululizo. Niligonga nikitabasamu, jamani, Mungu anisamehe.

Nilipogeuka, barabara ilikuwa imejaa watu wanaokimbia. Mifuko mabegani, watoto mgongoni, mwanamume mmoja na godoro, mwanamke na mbuzi aliyekataa kwenda. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wetu walikuwa wamejifunza kukimbia kimyakimya. Nilipaza sauti, "Ni kanisa! Ni kanisa tu!" lakini nani angesimama ili nimweleze? Jirani wa ng'ambo, mjane wa umri wangu, alianguka kwenye mtaro na mkono wake wa kulia ukavunjika.

Alikuwa wa ule upande mwingine wa vita. Kabila lake silitaji wala langu. Aliyeishi Bunia wakati ule anaelewa, na asiyeishi halitamsaidia kitu. Milango yetu ilikuwa imetazamana miaka miwili, tukisalimiana kwa kichwa tu.

Shefu wa avenue, kiongozi wa barabara yetu, alikuja mwenyewe kuitoa janti mtini. "Mama, weye iko na akili kweli? Hii chuma itarudi siku ile nyumba zote za hii avenue zitasema ndiyo. Zote. Moja ikikataa, imekwisha."

Kesho yake tulisali bila chuma, na baada ya ibada karibu wote walitaka tuliache jambo hilo. Mmoja alisema kila mtu ana simu, inatosha. Niliwauliza simu gani inamfikia mtu aliye kitandani na homa, umeme hakuna na betri imekufa. Mwinjilisti hakunikemea, na ingekuwa heri anikemee. Aliuliza tu, "Mama, uko tayari kupita mulango kwa mulango?" Niko tayari, nikasema. Aibu ilikuwa inanichoma, lakini pia nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika miguu inapata nguvu.

Zilikuwa nyumba ishirini na moja. Nilikwenda jioni kabla jua halijazama, nikitoka sokoni, nikinuka samaki. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kushuhudia imani ni kusimama na kuhubiri, na nilijiona hodari. Sasa kila mlangoni neno la kwanza lilikuwa samahani, na mtu aliyetangulia kuomba samahani hawezi tena kuhubiri kwa kiburi. Nilieleza chuma ni cha nini. Nilieleza habari za mama yangu na mkeka wake. Mzee mmoja aliyepoteza ng'ombe wote alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kama wagonjwa wa moyo nao wanahesabiwa. Nikasema wanahesabiwa. Akasema ndiyo, na akaniomba nisali hapohapo. Nilisali vibaya, nikipotea katikati ya sentensi, naye akaitikia amina kwa sauti kubwa.

Nyumba nyingine walinicheka. Nyingine walinifungia mlango nikarudi mara tatu, nne. Mwanamume wa godoro alisema ndiyo ili nisirudi tena. Nilipokea ndiyo yake kama ilivyo.

Kwa mjane nilianza siku ya kwanza kabisa, na mlango haukufunguliwa. Siku ya pili nilimwachia dumu la maji, bido tunavyoliita, kizingitini. Siku ya tatu bido lilikuwa palepale, tupu, limeoshwa. Nikalijaza tena. Hivyo tukazungumza kwa bido siku kadhaa, bila kuonana.

Halafu Jumapili moja alfajiri, niliposhusha maji, mlango ulifunguka kidogo. Alisimama nyuma yake, plasta kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na mkono wa kushoto umeshika kikwembe kisimwanguke. Alikuwa Mkatoliki, na misa ya kwanza ilikuwa inakaribia. Wanaoishi naye walikuwa watoto wa kiume tu. Mwanamke hawezi kufunga kikwembe kwa mkono mmoja. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka siku ile.

"Ingia," akasema. "Unifunge."

Nikamfunga. Fundo la kwanza lilitoka legevu.

"Kaza muzuri. Ikianguka mu njia, nitasema ni Walutheri tena."

Nikacheka, kisha nikalia mbele yake bila kutaka. Yeye hakulia wala hakunituliza. Alinipa mgongo nimfungie pia kitambaa cha kichwa.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila asubuhi. Nilimfunga kikwembe, nilifagia, nilimpikia sombe, majani ya muhogo, katika sufuria yangu iliyobonyea. Alilalamika. Alisema chakula changu kinanuka moshi, samaki wangu wana chumvi ya mtu mwenye hasira, na sufuria ile ingefaa kunywesha kuku. "Mama mwenye kuuza sokoni, unakosa sufuria ya muzuri?" Sikumwambia iko wapi. Baadaye akashikwa na homa na hakuweza kwenda misa tena, akawa analala siku nzima akitazama ukutani.

Nyumba ishirini zilikuwa zimesema ndiyo. Shefu alikuwa anajua, mwinjilisti alikuwa anajua, na kila aliyepita barabarani aliniangalia akijua ni mlango upi uliobaki. Sikuweza kuuliza. Kila nikifungua kinywa niliiona ile plasta. Kama angesema hapana, angekuwa na haki, nami ningelazimika kuwaambia waumini kwamba chuma cha wagonjwa kimekufa kwa haraka yangu. Jumapili ya tatu ya homa yake nilikaa karibu na kitanda nikisubiri aoshe uso ili nikimbilie ibada.

"Ile chuma," akasema ghafla. "Kwa mwinjilisti walisema unapitia mu nyumba za watu ju yake. Kwangu husemi kitu."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa maneno machache kuliko nilivyomweleza mtu yeyote.

"Iko inapigwa ju ya wagonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na miye niko nini hapa?"

Nikamsogezea beseni la maji.

"Siku ya Mungu tatu sasa niko nalala hapa. Kanisa yangu iko mbali, siwezi kufika. Yako iko palepale, na hamunipigii kitu. Mbona sisikii?"

Niliona aibu mpya kabisa, isiyofanana na ile ya kwanza. Nilikuwa nimehesabu nyumba yake kama ndiyo iliyobaki, na mgonjwa aliyekuwa ndani yake sikumhesabu.

"Basi unakubali irudi?"

"Irudi. Lakini hapana weye wa kupiga. Mukono yako iko na haraka. Nikipona homa, nitapiga miye mwenyewe. Watu wote waliniona mu mutaro. Wakiniona niko napiga, nani atakimbia?"

Nilikwenda kwa shefu mchana uleule. Janti ilikuwa chini ya ghala lake, na kuku alikuwa ameatamia mayai ndani yake. Shefu akasema nisubiri vifaranga. Nikamwambia nimeshasubiri nyumba ishirini na moja, kuku ni wa ishirini na mbili, sawa. Nilisubiri. Homa nayo ikampa mjane nafasi ya kupona.

Jumapili yenyewe nilikuwa nyumbani nikijiandaa, kiatu kimoja mguuni. Nilikuwa nimepita tena nyumba zote Jumamosi kuwakumbusha: kesho asubuhi, tatu tatu, ni sala, msishtuke. Wengine waliniambia wamekwisha kuelewa, nisiwachoshe. Nilitaka niwe barabarani kabla mjane hajaanza, niwatulize watakaoogopa.

Pigo la kwanza lilinikuta natafuta kiatu cha pili.

Nilipojitambua nilikuwa katikati ya barabara, mguu mmoja peku, mfuko kifuani, na pumzi zimeisha. Nilikuwa nimeelekea upande wa Djugu, kule tulikotoka tukikimbia, maana miguu haikujua pengine pa kwenda. Hakuna mwingine aliyekimbia. Mwanamume wa godoro alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake akipiga mswaki. Mama mwenye mbuzi alikuwa anafagia, akaacha kufagia. Wote walinitazama, mimi niliyewafuata milangoni kwa majuma nikiwaambia vita iliisha. Nilikuwa sijawahi kusikia chuma kile kikipigwa na mkono usio wangu tangu asubuhi ile ya Djugu, na aliyeshika nondo hana cha kuogopa. Hilo nilikuwa silijui. Niliwaona wapumbavu, kumbe mimi niliogopa kuliko wote.

Chini ya avoka mjane alikuwa amesimama, nondo katika mkono wa kushoto, ule wa kulia bado umefungwa shingoni. Kikwembe chake nilikuwa nimemfunga mimi saa moja kabla. Aliniona. Nilidhani atacheka, na alikuwa na kila haki ya kucheka. Alishusha nondo, akangoja hadi nikapata pumzi.

"Ni miye, mama samaki," akaita kutoka kule. "Angalia mukono yangu. Ni miye niko napiga."

Kisha akagonga tena, polepole, akinitazama usoni kabla ya kila pigo.

Niliingia kanisani na mfuko wangu na kiatu kimoja, nikakaa benchi la mbele kwa sababu ndipo wanapokaa wazee wa kanisa. Tulipofika Baba Yetu, chuma kililia nje mara tatu. Nilikuwa nimeshika mfuko kwa mikono miwili, na midomo yangu ilichelewa kuanza, kama ya mama yangu. Mwinjilisti aliniona, akapunguza mwendo wa sala ili niwafikie.

Mjane hajawa Mlutheri mpaka leo, na nimeacha kumwuliza. Anakwenda misa yake ya kwanza, anarudi, anatupigia chuma, anakwenda zake.

Mchana wa Jumapili ile niliupeleka mfuko jikoni nikatoa ile sufuria mpya. Nikaiosha, nikaiweka motoni, ikaanza kuwa nyeusi kama sufuria nyingine yoyote. Nikapika sombe, nikavuka nayo barabara.