Sanduku Jekundu la Kulabu Mbovu

Nilizoea kupokewa na watu walionuna, maana nani anampenda mkaguzi? Yule mzee wa Nyamongo alinipokea kwa kicheko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ndefu, akaniketisha kwenye chai ya maziwa na viazi vitamu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mafundi wamevaa ovaroli safi. Enzi hizo dhahabu ilikuwa imewapandisha watu wazimu, na kiwanda chake kidogo kilitengeneza kulabu za winchi, zile zinazofungwa mwisho wa kamba kumshusha mchimbaji duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi. Alitaka cheti chetu cha ubora ili auzie migodi mikubwa.

Mimi sikuja kutazama kulabu nzuri. Nzuri kila mtu anazo! Nilitaka kujua mbovu ikitokea, inaishia wapi.

"Mbovu?" mzee akacheka. "Hapa hakuna, mwanangu."

Akanionyesha sanduku jekundu la kuwekea mbovu. Tupu. Nikapitisha kidole, rangi mbichi ikanibaki kidoleni. Ebo! Mimi si mtu wa kulaghaiwa na viazi vitamu. Anayechomelea chuma kila siku lazima apate mbovu, kama anayesonga ugali lazima apate ukoko.

Nikamgeukia mtunza stoo, mama mmoja mkimya aliyekumbatia daftari lake. "Mama, jana humu mlikuwa na nini?"

Akamtazama mzee, kisha akanitazama mimi. "Kulabu saba. Zina ufa. Zote nimezikwaruza alama shingoni kwa tupa."

"Sasa mgeni anakuja, uache takataka sebuleni?" mzee akajitetea. "Nilimpa mdogo wangu wa Kerende, akafungie ng'ombe. Chuma hakitupwi."

"Mdogo wako anafanya kazi gani?"

Kicheko kikamkauka. "Ana duara," akasema.

Akampigia simu. Haikupatikana. Nikasema twende, sasa hivi, na yule mama akaingia kwenye pikapu bila kuambiwa.

Kerende tulikuta kulabu sita kwenye gunia kando ya duara. Mama alizipapasa shingo moja moja kwa kidole gumba. Ya saba ilikuwa chini, kwenye kamba, na mdogo wa mzee alikuwa chini nayo tangu asubuhi. Vijana wawili walikuwa wameshashika mpini wa winchi waanze kumpandisha.

"Acheni!" nilipiga kelele, na sikuitambua sauti yangu.

Mzee alijitupa kifudifudi ukingoni, akamwita mdogo wake kwa Kikurya. "Mura! Usijifunge! Toa mwili kwenye kamba!"

Kamba ikapandishwa tupu. Alama ya tupa ilikuwepo, na ufa ulikuwa umeshapanuka, ukucha wangu ukaingia. Mama akafungua mkoba, akatoa kulabu nzima. Aliichukua stoo tulipokuwa tunaondoka, na alikuwa ameiandika daftarini.

Mzee alizungusha mpini mwenyewe, akikataa kupokewa. Mdogo wake akatokeza amejaa matope, akauliza nani kafa. Mzee akamshika masikio yote mawili kama mtoto mtoro, akalia mbele ya watu wote.

Cheti nilimnyima siku ile ile, na sikuona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia, na safari hii kilikuwa kimemkosa mdogo wako kwa mzunguko mmoja wa mpini.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa hakukuwa na uwanja uliofagiliwa wala chai mezani. Mzee alinishika mkono hadi stoo. Sanduku jekundu lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa yule mama. Akalifungua.

"Hesabu mbovu zangu," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Zilikuwa kumi na moja, na juu kabisa ile ya Kerende. Nikatia sahihi cheti chake pale pale, nimesimama.